Musa wa Nzwani, Chuma Myao, na fundi wa tangi lenu



Ndugu zangu, wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa katibu wa kamati ya msikiti mmoja huko juu Newala. Msikiti wenyewe sitautaja. Korosho zimeuzwa, waumini wamechanga, na wameamua jambo la kheri kabisa: kujenga tangi la kuvuna maji ya mvua kutoka kwenye paa la msikiti. Anayeishi juu ya uwanda wetu wa Makonde hahitaji kuelezwa maana ya tangi. Kiangazi ndoo ya maji inanunuliwa, na mtu anatia udhu huku anapima kwa kikombe.

Sasa kamati imegawanyika. Upande mmoja unamtaka fundi ambaye ni mjomba wake mwenyekiti. Ni mtu wa safu ya mbele, amejenga nyumba nyingi pale kijijini, na bei yake iko chini. Upande wa pili unamtaka fundi kutoka Masasi. Huyu ni Mkristo, hana undugu na yeyote pale, bei yake imezidi, lakini ameshajenga matangi kwenye shule kadhaa na yanashika maji mpaka leo. Katibu ananiuliza: "Sheikh, kweli inafaa pesa ya msikiti apewe asiyekuwa wetu, tumwache ndugu yetu?" Na anataka jibu kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa wanatoa malipo ya awali.

Jibu fupi nilimpa kwenye simu. Jibu refu nalileta hapa, kwa sababu swali hili si lake peke yake. Wengi wetu hatuajiri mtu wa kudumu. Tunamtafuta mtu wa kazi moja: fundi wa kuezeka, mchimba kisima, kijana wa kutengeneza tangazo la harambee, dereva wa kupeleka mzigo Mtwara. Akimaliza anakwenda zake kwa mwingine. Tena mfano wa jambo hili umepita hapa hapa kwetu, chini ya miguu yetu, miaka mia moja na sitini iliyopita, na wengi hatuujui.

Ukisimama pale Shimo la Mungu, Newala, ukatazama bonde la Ruvuma linavyoenea kusini, unaitazama njia ya msafara ulioanza Mikindani mwaka 1866. Mwenye msafara alikuwa David Livingstone, Mskochi, mmisionari na daktari. Sikuleti hapa ili nimsifu wala nimtukane. Nataka umtazame kwa jicho moja tu, kama mtu aliyekuwa na kazi kubwa mbele yake na ikabidi achague watu wa kumfanyia.

Alichukua nani? Alikuwa na askari 13 wa Kihindi aliowatoa Bombay. Alikuwa na watu 10 wa kisiwa cha Nzwani, katika visiwa vya Komoro, aliowapata kwa msaada wa balozi mdogo wa Kiingereza aliyekuwa kule, na mkubwa wao akiitwa Musa. Alikuwa na vijana 9 wa Kiafrika waliokombolewa utumwani na kusomeshwa Nasik, huko India. Alikuwa na watu wawili wa Shupanga, kwenye mto Zambezi, mmoja wao ni Abdullah Susi. Na mwisho wa orodha kulikuwa na wavulana wawili wa Kiyao, Wikatani na Chuma. Wote jumla 36. Juu ya hao alikuwa na wanyama: ngamia 6, nyati 3 na ndama, nyumbu 2 na punda 4, akitaka kujua ni yupi atahimili mbung'o.

Hebu tulia hapa kidogo, uipime orodha hii kama unavyopima barua za waombaji kazi. Ukiulizwa wewe nani ataitupa kazi na nani ataibeba mpaka mwisho, ungesema askari ndio wa kuaminika. Wana nidhamu, wana bunduki, wametoka kwenye jeshi la serikali. Halafu ungesema Musa, kwa sababu Livingstone alikuwa anamjua. Musa alikuwa baharia kwenye chombo chake katika safari za Zambezi za miaka iliyotangulia. Chuma usingemtaja kabisa. Alikuwa kijana mdogo wa miaka kama kumi na sita, aliyefunguliwa kwenye msafara wa watumwa mwaka 1861 karibu na mto Shire, Malawi ya leo, hana cheo, hana chochote.

Tuone sasa.

Kitu cha kwanza walichokutana nacho ni pori la uwanda wetu. Wazee wanalijua lilivyokuwa: kichaka kimeshikana, miti myembamba imesukwa na mitambaazi, mtu anapita kwa kuinama, ngamia na mzigo wake hapiti. Askari wa Bombay hawakuwa na la kufanya. Musa na watu wake hawakuwa na la kufanya. Ikabidi Livingstone awakodi Wamakonde wenyewe, waje na vishoka vyao wafyeke njia, akawalipa kwa kitambaa. Nao wakafyeka. Walifanya kwa wepesi uliomshangaza, kwa sababu ilikuwa ndiyo kazi yao ya kila msimu wa kulima. Watu wale hawakutoka India wala Komoro. Walikuwa pale pale, na hawakuwemo kwenye orodha yake aliyoipanga akiwa mbali.

Kitu cha pili ni wale askari. Kazi waliyopewa ilikuwa kuchunga wanyama na kusogeza mizigo. Askari wa kulinda boma amepewa ngamia! Wakawapiga wanyama, wakawazidishia mizigo, wakajikokota nyuma siku nzima, mnyama mmoja baada ya mwingine akafa. Kufika Julai, katika nchi ya Wayao, Livingstone akawarudisha pwani. Sasa hapa mimi namlaumu mwajiri kabla ya mwajiriwa. Askari yule hakusema popote kwamba anajua ngamia. Sifa yake ilikuwa ya kweli, ila ilikuwa sifa ya kazi nyingine.

Na hili ndilo kosa nililolifanya mimi mwenyewe, na nitalisema hapa ili mnisamehe na ili msilirudie. Miaka kadhaa iliyopita tulijenga tangi la madrasa, mahali ambapo sipataji. Mimi ndiye nilimleta fundi. Alikuwa rafiki yangu, hodari wa nyumba, tofali zake zimenyooka kama mstari wa kitabu. Nikaona nyumba na tangi vyote ni saruji na mchanga, tatizo liko wapi? Tangi lilikamilika kwa siku chache na lilipendeza macho. Mvua ya kwanza likatoka jasho, mvua ya tatu likapasuka kutoka juu mpaka chini, na maji yakaingia kwenye darasa la watoto. Baadaye sana fundi mwingine, mtu wa matangi, alinieleza. Ukuta wa nyumba unabeba uzito unaoshuka, tangi linabeba maji yanayosukuma kwenda nje, na kadiri unavyoshuka chini ndivyo yanavyosukuma zaidi. Linahitaji waya na nondo za kulifunga kama mkanda, na plasta yake inataka kumwagiliwa maji kila siku kwa siku nyingi ili saruji ikomae. Rafiki yangu hakumwagilia. Na unajua kwa nini? Kwa sababu maji yalikuwa yanauzwa, na kwenye bei tuliyokubaliana hakuna aliyeweka pesa ya maji. Mimi niliyefurahia bei ya chini ndiye niliyeukausha ukuta ule.

Waliochanga walikuwa kina mama wauza vitumbua. Sijasahau.

Turudi kwenye kisa. Kitu cha tatu ni Musa, na hapa Waislamu wenzangu tuvumiliane. Septemba 1866 msafara ulikuwa kusini mwa ziwa Nyasa. Wafanyabiashara waliokutana nao njiani waliwaambia kwamba mbele kuna Wangoni, watu wa kusini ya ziwa wakiwaita Mazitu, wanateka na kuua. Musa na wenzake wakatua mizigo, wakageuka, wakaondoka. Kuogopa siwezi kumlaumu mtu. Njia ile ilikuwa ya hatari kweli kweli, na mwenye mke na watoto Nzwani ana haki ya kusema safari hii imenishinda. Lakini walipofika Unguja mwezi wa Desemba hawakusema tumemkimbia. Walisema ameuawa. Wakaeleza kila kitu, nani alipiga, alipigwa vipi, alianguka wapi, alizikwa vipi, na wakaomba mshahara wao. Habari ikaenda mpaka London, watu wakalia. Mwaka 1867 ikabidi itumwe safari nyingine nzima, ikiongozwa na E. D. Young, kwenda ziwa Nyasa kuuliza kijiji kwa kijiji, ndipo ikajulikana kwamba mtu alipita pale salama na ameendelea mbele.

Musa alikuwa Muislamu. Watu wake walikuwa Waislamu. Nalisema bila kung'ata maneno, maana wapo watu wanaodhani kuwa jina la Kiislamu kwenye risiti ni dhamana tosha ya kazi. Na pia tazama jinsi Livingstone alivyojidanganya: alisema namjua Musa. Alimjua wapi? Majini. Alimjua akiwa baharia kwenye chombo, ambako mtu hana pa kukimbilia, mwenye chombo yuko naye usiku na mchana. Nchi kavu, mzigo kichwani, hofu mbele na njia ya kurudi nyumbani nyuma, hakuwahi kumjaribu.

Sasa yule kijana mwisho wa orodha.

Chuma hakuwa malaika. Nataka uelewe hili, kwa sababu hadithi zetu zinapenda kumfanya mtu mwema awe mwema tangu tumboni. Mwaka 1868, Livingstone alipotaka kwenda ziwa Bangweulu, Chuma na Susi nao walikataa kumfuata, wakabaki nyuma. Walikuwa wamechoka. Aliporudi akawapokea tena, akaandika kwamba na yeye mwenyewe ana makosa yake. Ningekuwa mimi ndiye mwajiri labda ningewafukuza, na ningepoteza.

Kwa sababu alfajiri ya tarehe 1 Mei 1873, katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, Livingstone alikutwa amekufa amepiga magoti kando ya kitanda. Fikiri wewe ni Chuma. Mwajiri amekufa. Mkataba umekwisha. Hakuna Mzungu yeyote karibu, hakuna balozi, hakuna simu, hakuna atakayejua. Sanduku lina vyombo vya thamani, nguo, bunduki. Musa alirudi na uongo akaomba mshahara. Wewe utafanya nini?

Waliwaita wenzao wote, wakafungua masanduku mbele ya kila mtu, na Jacob Wainwright, mmoja wa vijana wa Nasik waliokuja baadaye na aliyejua kuandika, akaandika kila kitu kilichomo. Kwanza daftari, mashahidi wakitazama, ndipo mengine. Wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, moyo wakauzika chini ya mti, na wakaanza kutembea. Njiani, penye vijiji vilivyoogopa maiti, waliufunga mwili uonekane kama mzigo wa nguo. Walipofika Unyanyembe, Tabora, walimkuta afisa wa Kiingereza, Cameron, akawashauri wamzike pale pale, yatosha. Wakakataa. Februari 1874 wakafika Bagamoyo na mwili, na daftari, na karatasi zake. Miezi tisa, zaidi ya kilomita 1,500, kwa miguu.

Na unajua walivyolipwa? Ubalozi wa Unguja uliwapa mshahara wao, ukawaambia nendeni. Mazishi yalifanyika London mwezi wa Aprili, wao wakiwa wameachwa huku, isipokuwa Wainwright peke yake. Ni baadaye ndipo rafiki mmoja wa marehemu alipowalipia nauli Chuma na Susi wakaenda Uingereza, wakakaa na mhariri wakimfafanulia shajara za mwisho, kwa sababu wao ndio waliokuwa na majibu ya mahali na majina.

Sasa ndipo inapoingia Masasi. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa Unguja alitaka kuwapeleka bara watu waliokombolewa utumwani, wakaanzishe makazi katika nchi walizotoka. Njia ni Lindi kwenda ndani. Alihitaji mtu wa kuongoza msafara. Unguja ilijaa waongozaji. Ndiyo iliyokuwa kazi ya mji, watu walikodiwa kwa miezi na kulipwa sehemu ya mshahara kabla ya kuondoka, na wengi walikula hiyo sehemu wakatoweka kabla ya kufika pwani ya bara. Steere akamchukua Chuma. Alikuwa ameshamchukua mwaka mmoja kabla, 1875, kwenda kwa Mataka, mkubwa wa Wayao kule ng'ambo ya Ruvuma. Kwa hiyo safari ya Masasi haikuwa ya kumjaribu. Alikuwa amemjaribu tayari kwenye nchi kavu, kwenye upande ule ule wa nchi, kwa kazi ile ile. Chuma alikuwa Myao, lugha ya wenyeji ni lugha ya mama yake. Msafara ukafika kwenye majabali ya Masasi, watu wakaipenda nchi, wakakaa. Unapoiona misheni kongwe ya Masasi leo, mguu wa kwanza wa njia yake ulikuwa wa kijana wa mwisho kwenye orodha ya 1866.

Mambo haya yana cha ajabu kingine, nacho ni cha Sultani wetu wa Unguja, Sayyid Barghash. Alikuwa na meli za moshi, na meli hula makaa ya mawe yanayonunuliwa ng'ambo kwa bei ya kuumiza. Tangu zamani kulikuwa na habari kwamba kwenye bonde la Ruvuma kuna makaa. Mwaka 1881 Sayyid Barghash akamkodi mtaalamu wa miamba, Joseph Thomson, Mskochi wa miaka 23. Mtoto! Lakini miaka miwili nyuma mtoto huyu alikuwa ameachiwa msafara mzima baada ya mkubwa wake kufa njiani huko Behobeho, naye akaufikisha ziwa Nyasa na Tanganyika na kurudi, na watu wake karibu wote wakiwa salama. Na mnyapara wa msafara ule alikuwa nani? Chuma. Basi safari ya Ruvuma nayo, Thomson akaenda na Chuma, wakaanzia Mikindani, wakakata uwanda wa Makonde.

Thomson akayaona hayo makaa. Akarudi Unguja akamwambia Sultani: si makaa. Ni jiwe jeusi, halifai kuendeshea meli. Sultani hakufurahi hata kidogo. Alikuwa amekwisha kuziona meli zake zinakwenda bure. Lakini yule kijana hakumuuzia ndoto, na angeweza. Angesema, "Mtukufu, yako, niongezee miaka miwili na pesa." Leo yupo mtu anakuja kupima maji kwenye kiwanja chako, anazungusha fimbo, anakwambia mita 40 tu utapata maji matamu, unalipa, anachimba, anasema kumi tena, unalipa.

Wakati mwingine mwajiri mwenyewe ndiye anayelitafuta hilo "ndiyo". Hapo jirani yetu Nachingwea, serikali ya Uingereza ilitaka karanga baada ya vita vya pili. Mwaka 1946 walituma watu kukagua, wiki tisa tu, mara nyingi wakitazama nchi kutoka kwenye ndege, na taarifa ikasema inawezekana, ekari zaidi ya milioni tatu. Januari 1951 wakatangaza kuufuta mradi, na pauni milioni 36 zimekwenda. Reli waliyojenga kuja Nachingwea nayo iking'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wazee wa Masasi bado wanakuonyesha ilikopita.

Sasa nije kwenye swali la katibu, la dini. Inafaa kumpa kazi ya msikiti asiyekuwa Muislamu?

Ndugu yangu, kazi nzito kuliko tangi lako ni ile ya usiku wa Hijra. Maquraishi wanamtafuta Mtume (s.a.w.) wamuue, wameweka zawadi ya ngamia mia. Yeye na Abubakar (r.a.) wamejificha pangoni Thawr. Walimkodi nani awapitishe njia ya kwenda Madina? Walimkodi mtu wa Bani Dil, wanahistoria wanamtaja Abdullah bin Urayqit, naye wakati ule alikuwa bado kwenye dini ya Maquraishi hao hao. Walimpa ngamia wao wawili, wakamwambia tukutane pangoni baada ya siku tatu. Akaja. Imamu Bukhari amekileta kisa hiki kwenye mlango wa kuajiri, sio kwenye mlango wa vita wala wa miujiza. Makka kulikuwa na Waislamu waliokuwa tayari kufa kwa ajili ya Mtume (s.a.w.). Lakini kufa kwa ajili ya mtu ni kitu kimoja, na kuijua njia ya pwani usiku ni kitu kingine.

Na Musa mwingine, huyu Nabii Musa (a.s.), alipofika Madyan akawanyweshea mifugo wale mabinti wawili, mmoja wao alimwambia baba yake amwajiri, akataja sifa mbili tu: nguvu na uaminifu. Ipo kwenye Suratul Qasas. Kaisome mwenyewe aya ya 26, nisikutoe uvivu. Wanazuoni wanasema nguvu hapo ni kuiweza kazi husika, sio misuli peke yake. Na angalia kwamba binti hakusikia habari za Musa kwa mtu. Alimwona kisimani akiifanya kazi, kabla hajajua kuwa kuna ajira.

Mafaqihi nao wamemtofautisha mwajiriwa wa mtu mmoja, ambaye muda wake wote ni wa mwajiri, na ajiri mushtarak, fundi wa watu wengi, kama mshonaji na mtia rangi. Huyu wa pili ndiye unayemtafuta wewe. Kitu chako kikiharibika mikononi mwake, wamekhitilafiana kama analipa. Sisi wa Shafi kauli yenye nguvu ni kwamba halipi mpaka ithibiti alifanya uzembe au alivuka mipaka. Unaona uzito wake? Maana yake kama hamkuandika "utamwagilia siku 14" mtathibitisha vipi kwamba kutomwagilia ni uzembe? Mimi na rafiki yangu hatukuandika. Nilibaki na ukuta uliopasuka na swahiba niliyeshindwa hata kumgombeza.

Basi katibu, sikiliza. Kabla ya Ijumaa chukueni bodaboda, watu watatu, mmoja awe kutoka upande wa mjomba, mteremke Masasi. Msiende kwa fundi. Nendeni kwenye zile shule. Muulizeni mwalimu na mpishi, sio fundi: lilijengwa mwaka gani, limevuja mara ngapi, na lilipovuja alipigiwa simu akaja? Hiyo ya mwisho ndiyo iulizeni mara mbili, kwa sababu ndiyo ya Chuma: alifanya nini baada ya mwajiri kutokuwa na la kumfanya. Gongeni tangi kwa ngumi upande wa chini. Mkikuta yanashika maji, ndiyo nguvu. Mkikuta alirudi, ndiyo uaminifu. Mkikuta hakurudi, mwacheni, hata kama matangi ni mazuri, mtafute wa tatu.

Kisha muulizeni yeye mwenyewe jambo moja: paa letu litaingiza maji kiasi gani? Akisema "mengi tu, msijali", ondokeni. Mtu wa matangi atapima paa kwanza. Mita moja ya mraba ikipata milimita moja ya mvua inatoa lita moja. Atawahesabia mbele yenu, na huenda akawaambia tangi mnalolitaka ni kubwa kuliko paa lenu. Akiwaambia hivyo msimchukie kama Sultani alivyochukia.

Malipo yagawanywe: vifaa mnunue wenyewe na risiti mkae nazo, ufundi mlipe sehemu msingi ukikamilika, sehemu plasta ikiisha, na iliyobaki baada ya tangi kujaa mara moja na kukaa wiki. Pesa ya maji ya kumwagilia iwe na mstari wake. Andikeni, mashahidi wawili watie saini, kama walivyoandika wale vijana kule Chitambo.

Na mjomba? Msimvunje. Anajua kujenga nyumba, na msikiti wenu, kwa picha ulizonitumia, nyumba ya imamu imebomoka upande mzima. Hiyo ndiyo kazi yake, na mwenyekiti asikae kwenye kikao kitakachopanga bei yake.

Nipigie baada ya Alasiri mkitoka Masasi, nataka kujua mpishi alisema nini.

Wabillahi tawfiiq.